Kamera na jicho zilipotofautiana: kisa cha video za wanafunzi katika Kemia ya kidato cha tatu

Kisa hiki kinatoka katika shule ya sekondari ya serikali, ya kutwa, kwenye mji mdogo wa Tanzania Bara. Majina ya shule, wilaya, walimu na wanafunzi yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Nilikifuatilia kama mwalimu wa shule jirani, kupitia jumuiya yetu ya kujifunza ya walimu wa sayansi. Nakiandika kwa sababu video za wanafunzi husifiwa sana kwenye semina, lakini ni nadra kusikia zinavyokwenda pale mwalimu anapokuwa na vifaa viwili, watoto zaidi ya sitini na kipindi cha dakika 40.

Hali ilivyokuwa

Mwalimu wa Kemia alikuwa mmoja kwa kidato cha tatu na cha nne. Maabara ipo, tena ina maji, ila bureti zinazofaa, yaani mirija ya kioo yenye vipimo na koki chini, hazifiki kumi. Zilizobaki zimevunjika ncha au koki zake zinavuja. Kwa hiyo titresheni, yaani kupima ni ujazo gani wa asidi unaotosha kumaliza alkali, ilifanywa kwa makundi makubwa. Wawili wanashika vifaa, mmoja anaandika, waliobaki wanasubiri kunakili jedwali.

Jedwali ndilo lililomshtua mwalimu. Katika zoezi la kwanza la muhula, asidi ya hidrokloriki ilikuwa kwenye bureti, na hidroksidi ya sodiamu ilikuwa kwenye flaski pamoja na matone ya methili oranji, kiashiria kinachoonyesha kwa rangi. Karibu kila kundi lilileta majibu yanayokubaliana kupita kiasi: jaribio la kwanza, la pili na la tatu yanapishana kwa 0.1 cm³ au hayapishani kabisa. Flaski zilizokuwa mezani zilisema mengine. Kiashiria hiki huwa cha manjano ndani ya alkali na chekundu ndani ya asidi, na titresheni inatakiwa kukomea pale rangi ya chungwa inapoanza tu kujitokeza. Flaski nyingi zilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Mtu aliyepitiliza hivyo mara tatu mfululizo hapati namba tatu zinazolingana ila kwa bahati au kwa kalamu.

Wanafunzi huita jambo hili kupika namba, na wana sababu zao. Wanajua kwamba jedwali ndilo linalosahihishwa. Wanajua pia kwamba majibu yanayokaribiana yana alama, na kwamba katika chumba chenye watu sitini hakuna anayetazama mikono yao. Mwalimu alipolileta suala hili kwenye kikao cha jumuiya yetu hakuuliza habari ya teknolojia hata kidogo. Alikuwa anatafuta namna ya kuona mikono ambayo hawezi kuisimamia yote kwa wakati mmoja.

Kifaa kilikuwapo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na katika shule hiyo, kama katika yetu, vingi vilikuwa vinatumika kusomea vitabu vya PDF na kuangalizia mpira.

Mpango

Aliandika kazi hii kwenye andalio la somo kama mradi wa wiki chache. Kila kundi la watu wanane litengeneze video isiyozidi dakika tatu, ya kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha pili jinsi ya kufanya titresheni. Kidato cha pili kilichaguliwa kwa makusudi. Mwanafunzi anapomweleza mwalimu hufupisha, maana anajua mwalimu anajua. Akimweleza mdogo wake inabidi aseme kila hatua.

Simu za wanafunzi hazikuruhusiwa. Mkuu wa shule alikataa kulegeza kanuni, na mwalimu hakubishana naye, kwa sababu aliona kwamba wenye simu nzuri nyumbani wangeigeuza kazi kuwa yao na wengine wakabaki watazamaji. Kurekodi kungefanyika kwa vishikwambi viwili tu, cha kwake na cha mwenzake wa Fizikia, na kungefanyika ndani ya maabara.

Kulikuwa na suala la sura. Mkuu wa shule aliogopa video za watoto kuzagaa mitandaoni, na hofu yake ilikuwa na msingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na shule nyingi bado hazijajua maana yake katika kazi za kila siku. Barua zikaenda kwa wazazi. Likawekwa sharti moja: ionekane mikono na vifaa, sura ya mtu isionekane.

Sharti hilo lilizaliwa na woga, lakini kwa maoni yangu lilisaidia ufundishaji kuliko jambo jingine lolote katika mpango mzima. Kamera isiyoruhusiwa kwenda usoni hubaki kwenye bureti. Tena wasichana wawili watatu ambao darasani hawanyooshi mkono walikubali kuwa sauti ya kundi kwa kuwa hawangeonekana.

Maamuzi mengine mawili yalipita bila mjadala, nayo ndiyo yaliyokuja kusumbua. La kwanza, video ziwe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari na ndiyo ya mtihani. La pili ni alama. Jedwali la usahihishaji lilichukuliwa kutoka kwenye makabrasha ya semina fulani: ubunifu alama 5, ubora wa picha na sauti alama 5, ufasaha wa lugha alama 5, maudhui alama 5.

Mwalimu wa taaluma alipinga. Hoja yake ilikuwa muda: azimio la kazi lilikuwa nyuma, na wathibiti ubora wakija hawataulizia video, wataulizia mada zilizofundishwa. Walikubaliana ajaribu kwa mkondo mmoja tu.

Awamu ya kwanza

Makundi yalipewa siku chache za kuandika skripti. Zilipoletwa, zote zilianza kwa fasili ile ile ya titresheni iliyo kwenye daftari, neno kwa neno. Zikafuata orodha ya vifaa, kisha hatua. Mwalimu alizirudisha mara moja akitaka wapunguze maelezo ya mwanzo, kisha akaruhusu kurekodi kwa sababu muda ulikuwa unakwenda.

Siku za kurekodi maabara ilichangamka. Kundi moja lilileta mdundo wa muziki kwenye flashi. Jingine lilianza na salamu ya kitangazaji na kuwaomba watazamaji wasisahau kulaiki na kusabskraibu, ingawa video haikuwa inaenda kokote. Kundi la tatu lilitandika kitambaa cheupe juu ya meza na kupanga chupa kwa ukubwa. Nilikuwapo siku hiyo, na ningekuwa mgeni asiyejua Kemia ningesema hili ni darasa bora katika mkoa.

Mwalimu alizitazama nyumbani. Alichokiona ni mikono ya wanafunzi wake kwa mara ya kwanza. Faneli imeachwa juu ya bureti wakati titresheni inaendelea. Flaski imesuuzwa kwa alkali ile ile itakayopimwa. Tone la mwisho la pipeti, mrija wa kupimia alkali, linapulizwa kwa mdomo. Ncha ya bureti ina kiputo cha hewa na hakuna anayekitazama. Koki inafunguliwa yote hadi rangi igeuke, kisha inafungwa kwa haraka. Juu ya picha hizo, sauti iliyokaririwa inasema kwa Kiingereza safi kwamba asidi iongezwe tone kwa tone.

Sauti na mikono havikuwa vinasimulia jambo moja. Hata hivyo, kwa jedwali lile la alama, video zote zingepata kati ya 14 na 18 kwa 20. Ubunifu upo, picha inaonekana, Kiingereza kimenyooka, na maudhui ya skripti hayana kosa.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo halikuonekana kwenye video bali kwenye maabara. Katika kila kundi kazi iligawanywa kwa uwezo: anayejua Kemia anashika koki, anayejua Kiingereza anasoma, anayejua vifaa vya umeme anarekodi, na waliobaki wanashika kitambaa. Mpiga picha hodari kuliko wote alikuwa kijana aliyekuwa akishindwa Kemia tangu kidato cha kwanza. Alitoka kwenye kazi ile amesifiwa na kila mtu, na hajui kiashiria kinafanya nini.

Namba mbili

Mwalimu alipanga kuonyesha video zote darasani kwa kompyuta ya ofisi. Alionyesha moja tu. Katika dakika ya pili ya video hiyo sauti inasoma ujazo wa mwisho: 24.3. Wakati huo huo picha imekaribia bureti, na mwanafunzi mmoja wa kundi jingine akasema kwa sauti kwamba yeye anaona 23.9.

Video ikarudishwa nyuma. Ni kweli, kwenye picha kimiminika kilionekana kimekaa karibu na 23.9. Aliyesoma bureti siku ile akaapa kwamba alisoma sawasawa. Mpiga picha akasema kamera haikosei. Darasa likagawanyika, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyekumbuka kwamba kipindi kimekwisha.

Mwalimu angeweza kusema neno paralaksi, yaani kosa la kusoma kipimo jicho lisipokuwa usawa wake, na kulimaliza. Lilikuwa kwenye daftari zao tangu kidato cha kwanza, kwenye mada ya vipimo ya Fizikia. Badala yake aliuliza swali moja: siku ile kamera ilikuwa wapi? Mpiga picha akakumbuka kwamba alipanda juu ya stuli ili apate picha nzuri.

Siku iliyofuata walirudi maabara na bureti moja yenye maji, ambayo haikuguswa tena baada ya kufungwa kwenye stendi. Walirekodi kutoka juu, kutoka chini, na kutoka usawa wa mbonyeo wa maji, yaani uso wake uliobonyea. Wakapata namba tatu kwa maji yale yale. Kisha mwalimu akawauliza ni upande gani unaoongeza namba. Namba za bureti huongezeka kuelekea chini, sifuri ikiwa juu. Jicho likiwa juu, mstari wa macho hukata kioo cha mbele mahali palipo juu ya mbonyeo, kwa hiyo namba inayosomwa ni ndogo kuliko ilivyo. Jicho likiwa chini, namba huwa kubwa. Walichora mistari hiyo ubaoni wenyewe, wakakosea, wakarudi kwenye kishikwambi kuhakiki, wakachora tena.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja mfupi alipoona jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Bureti ikiwa imejaa, mbonyeo uko juu ya kimo chake, naye husoma mwanzo akiwa chini yake. Titresheni inapoisha mbonyeo umeshuka hadi karibu na meza, naye husoma mwisho akiwa amesimama juu yake. Mwanzo anaongeza, mwisho anapunguza. Makosa mawili hayafutani. Yote mawili yanapunguza ujazo uliotumika. Akauliza kama ndiyo sababu majibu yake huwa madogo kila mara kuliko ya mwenzake mrefu. Kuanzia siku hiyo stuli za maabara zilipata kazi mpya, na bureti zikaanza kushushwa kwenye stendi wakati wa kusoma.

Awamu ya pili

Kutokana na mzozo huo mwalimu alibadili kazi. Video zilizobaki za awamu ya kwanza hazikuonyeshwa, jambo lililowaudhi wenye kitambaa cheupe, nami nawaelewa. Masharti mapya yalikuwa haya: video ya dakika mbili, shoti moja bila kukata, bila muziki, bila salamu. Kila kundi lichague kosa moja, lilifanye makusudi mbele ya kamera, kisha lionyeshe kosa hilo linaongeza au linapunguza ujazo wa asidi unaotumika, na kwa nini. Kabla ya kufungua koki waseme wanatarajia nini. Aliyerekodi awamu ya kwanza asirekodi tena. Ashike vifaa au aeleze.

Sababu ya kuchagua kosa badala ya utaratibu ilikuwa wazi kwake. Utaratibu unaweza kukaririwa, na umekaririwa. Athari ya kosa haipo kwenye daftari.

Kuhusu lugha aliamua waseme Kiswahili kwenye video, kisha kila mmoja aandike maelezo yake kwa Kiingereza kwenye daftari, peke yake, bila kunakili. Mwalimu wa taaluma alikasirika, na akasema mtihani hauji kwa Kiswahili. Jibu la mwalimu wa Kemia lilikuwa kwamba anataka kwanza kujua wanachofikiri.

Video za awamu hii zilikuwa mbaya kwa macho. Picha inatikisika, mtu anakohoa, mlango unabamizwa. Lakini zilikuwa na mawazo ndani yake. Kundi lililosuuza flaski kwa alkali lilitarajia kwamba rangi itaharibika. Likakuta rangi iko vile vile ila ujazo wa asidi umepanda kwa zaidi ya 1 cm³, na mmoja wao akasema hapo hapo, huku video inaendelea, kwamba kumbe alkali iliyobaki kwenye kuta za flaski nayo inadai asidi. Kundi la faneli lilisubiri muda mrefu bila kuona kitu, mpaka tone lilipoanguka kutoka kwenye faneli na kuongeza asidi ndani ya bureti, kiasi kwamba usomaji wa mwisho ukawa mdogo kuliko unavyostahili.

Kundi lililonifurahisha zaidi lilichagua kosa ambalo si kosa. Waliamini kwamba kuacha flaski ikiwa na maji yaliyochujwa ni uzembe, kwa kuwa maji yatazimua alkali. Wakamwaga maji mengi kwenye flaski, wakatabiri kwamba asidi itakayotumika itapungua, wakafungua koki. Jibu likatoka lile lile. Kwenye video kuna kimya, kisha sauti inasema, “Mbona ni ile ile?” Wakarudia wakiongeza maji zaidi. Ikawa ile ile. Mabishano yaliyofuata yalirekodiwa yote kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzima kifaa, na mwishoni kijana yule aliyekuwa mpiga picha hodari, safari hii akiwa ameshika flaski, ndiye aliyesema kwamba alkali yenyewe haikuongezeka wala kupungua; ilipimwa kwa pipeti kabla maji hayajaingia. Hilo ndilo wazo la moli, kipimo cha kiasi cha dutu, lililokuwa likifundishwa ubaoni tangu mwanzo wa muhula.

Makundi mawili hayakumaliza. Moja lilivunja bureti, jingine lilikatikiwa umeme kishikwambi kikiwa hakina chaji, na zamu yao haikurudi.

Klipu iliyotoka nje

Mkuu wa shule alikuwa amejiandaa kwa wanafunzi kuvujisha video. Haikutokea hivyo. Klipu moja ilitoka kupitia walimu. Mwenzake wa Fizikia, akiwa na kishikwambi chenye faili hizo, aliipeleka kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa sayansi kwa nia njema, kuonyesha kazi nzuri. Mmoja wa waliomo akaipeleka kundi jingine. Baada ya siku chache ilikuwa imefika kwa wazazi na ndugu.

Sura haikuwamo. Sauti ilikuwamo. Alikuwa mmoja wa wale wasichana waliokubali kuzungumza kwa sababu hawangeonekana, na ana kigugumizi ambacho katika mji mdogo kila mtu anakijua. Akataniwa njiani. Akaacha kuja maabara.

Shule ilifanya yaliyowezekana. Mwalimu alimwita yeye na mama yake, akawaeleza jinsi ilivyotokea bila kuficha, akaomba klipu ifutwe kwenye makundi yote mawili. Ikafutwa kwenye makundi, si kwenye simu za watu. Barua waliyosaini wazazi ilikuwa imesema sura haitaonekana, haikusema lolote kuhusu sauti wala kuhusu nani atakayezitunza faili. Msichana alirudi baada ya muda na akakubali kushika koki. Kuzungumza mbele ya kamera alikataa, na hakulazimishwa.

Matokeo

Mwishoni mwa mada kila mwanafunzi alifanya titresheni peke yake, kwa zamu, mwalimu akiwa na flaski zote mbele yake kabla ya kuona majedwali. Rangi zilikuwa hafifu zaidi kuliko mwanzo wa muhula. Flaski nyekundu zilikuwepo bado lakini chache. Majedwali yalikuwa na tofauti kubwa zaidi kati ya jaribio na jaribio. Kwa mtazamaji wa haraka hiyo ni hatua ya nyuma, ila mwalimu alifurahi, kwa kuwa namba zile zilifanana na mikono aliyoiona. Baadhi ya wanafunzi waliandika pembeni, bila kuagizwa, kwamba jaribio fulani limeachwa kwa sababu ya kiputo cha hewa.

Maelezo ya Kiingereza kwenye daftari yalikuwa mafupi na yenye makosa ya sarufi, lakini hayakufanana. Hilo halikuwa limewahi kutokea katika mkondo huo.

Hesabu hazikubadilika. Kutoka kwenye ujazo kwenda kwenye idadi ya moli, kisha kwenye ukolezi, waliokuwa wanashindwa waliendelea kushindwa, ukiacha wachache wa kundi la maji.

Kidato cha pili walionyeshwa video tatu. Walicheka, wakafurahia sauti za kaka na dada zao, wakauliza maswali mawili matatu. Walipoingizwa maabara kugusa bureti kwa mara ya kwanza walifanya makosa yote yaliyomo kwenye video walizotoka kuzitazama.

Uchambuzi

Jambo la mwisho hilo lilimvunja moyo mwalimu, lakini mimi naliona kuwa ndilo linaloeleza kisa chote. Faida ilibaki kwa watengenezaji. Kuna utafiti wa Vincent Hoogerheide na wenzake wa Uholanzi, uliochapishwa 2014, unaoelekea huko: kusoma ukiwa na nia tu ya kuja kumweleza mtu hakukutosha, waliofaidika zaidi ni waliofika kweli mbele ya kamera na kueleza. Mwalimu anayetaka maktaba ya video za kufundishia ni afadhali atafute zilizotengenezwa na wataalamu. Za wanafunzi zina kazi nyingine.

Kazi hiyo inaonekana ukilinganisha awamu mbili. Wanafunzi wale wale, maabara ile ile, vishikwambi vile vile; kilichobadilika ni kilichoulizwa na kilichopewa alama. Jedwali lenye alama 5 za ubunifu na 5 za picha lilinunua muziki na kitambaa cheupe. Wanafunzi hawakukosea kuvileta, walisoma bei wakalipa. Lilipoondolewa wakabaki na swali, na swali lilikuwa na jibu wasilolijua. Sidhani kama shoti moja bila kukata ingesaidia kitu endapo kazi ingebaki kuwa kuonyesha utaratibu. Wangekariri tu kwa pumzi moja.

Kutabiri kabla ya kufungua koki ni sharti dogo lililobeba mzigo mkubwa. Kundi la maji lisingeshangaa kama lisingekuwa limetamka, na kurekodiwa likitamka, kwamba asidi itapungua. Bila rekodi ni rahisi mtu kusema baadaye kwamba alijua tangu mwanzo, na huwa tunasema hivyo, hata sisi walimu.

Kuhusu lugha, nadhani mwalimu alikuwa sahihi na mwalimu wa taaluma hakuwa mjinga. Kiingereza cha awamu ya kwanza kilimficha mwanafunzi. Maneno yalikuwa ya daftari, na asiyeelewa alisikika sawa na anayeelewa. Kiswahili kilimfunua. Lakini pengo kati ya alichosema kijana yule kuhusu flaski na alichoweza kuandika kuhusu jambo hilo hilo lilikuwa kubwa, na mtihani wa kidato cha nne utasoma maandishi. Hatua ya kutoka kwenye video kwenda kwenye daftari ilipewa kipindi kimoja. Ilihitaji zaidi, pengine kwa mwanafunzi kusikiliza maneno yake mwenyewe na kuyaandika upya sentensi kwa sentensi. Muda huo ungepatikana kama awamu ya kwanza isingefanywa kabisa.

Kubadilishana majukumu kulifanya kazi, ila si kwa usawa. Katika makundi mawili aliyepaswa kueleza aliandikiwa maneno na mwenzake akayasoma. Mwalimu aligundua kwa sababu macho ya msomaji yalikuwa yanahama, na kwa kuwa sura haionekani kwenye video, aligundua tu kwa kuwa alikuwapo. Asingekuwapo isingejulikana.

Tukio la klipu linanisumbua zaidi ya mengine. Shule ililinda kile ilichokiogopa. Haikuuliza mtoto anajulikana kwa nini zaidi ya uso, wala nani mwingine zaidi ya wanafunzi anaweza kuisambaza faili. Kwa mkondo uliofuata barua ilitaja sauti, ikaruhusu mwanafunzi kueleza kwa kadi zilizoandikwa kwa makapeni badala ya kuzungumza, na ikasema faili zitakaa kwenye kifaa kimoja cha mwalimu wa somo na kufutwa muhula ukiisha. Kadi zimetumiwa na wachache tu, na baadhi yao hawana kigugumizi. Hawapendi tu sauti zao.

Mkondo huo wa pili ulifanya awamu moja, ya makosa, bila ile ya mwanzo. Mzozo wa kamera haukutokea kwao wenyewe, kwa hiyo mwalimu aliupanga: alirekodi bureti kutoka juu, akawaletea klipu na namba iliyosomwa kwa usawa wa jicho, akawaacha wabishane. Walibishana kidogo. Haikuwa na moto wa ile ya kwanza, maana hakuna aliyekuwa na heshima yake pale, lakini stuli zilitumika.

Mwalimu wa taaluma bado anasema vipindi vile vilitolewa kwenye hesabu za moli, ambako ndiko kwenye alama nyingi zaidi za swali la titresheni. Mwalimu wa Kemia hampingi. Hesabu amezirudisha ubaoni kwa chaki, vipindi viwili kwa wiki, na video amezibakizia mikono.